Puti si Chuma



Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, na vibarua wanaotumikishwa mwaka baada ya mwaka bila barua ya ajira. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya mashimo. Hatusemi mashimo ya barabarani, ingawa hayo nayo hayajatuisha. Tunasema mashimo ya kutu katika bodi za magari, yale tunayoyaziba wenyewe nyumbani siku ya mapumziko kwa msasa na kopo la puti. Msomaji asicheke. Jambo hili lagusa mfuko wa mfanyakazi, lagusa mapafu yake, na kama tutakavyoonyesha, lagusa hata lori linalombeba alfajiri kwenda shambani.

Wapo wanaouliza: mfanyakazi na gari, wapi na wapi? Waulizao hivyo hawajafika Ajia. Huku kwetu West Nile, toka Vurra mpaka Koboko, gari si pambo. Pikapu kuukuu ya Toyota iliyonunuliwa na ndugu watatu kwa kuchanga, mmoja akiwa kiwandani, mwingine kwenye miwa na wa tatu nyumbani, ndiyo ipelekayo muhogo na tumbaku Arua, ndiyo imchukuayo mama mjamzito usiku wa manane, na ndiyo iletayo maiti nyumbani kuzikwa. Gari la namna hiyo halina mwenyewe mmoja. Likioza, ni mali ya ukoo mzima iliyooza.

Kwanza tuseme kutu hiyo inatoka wapi, maana wengi wanadhani ni ugonjwa wa uzee tu. West Nile haina bahari. Hakuna huku upepo wa chumvi kama ule unaokula magari ya Mombasa na Unguja. Lakini magari yetu mengi yalikwisha kula chumvi kabla hatujayaona. Kaskazini mwa Japani huanguka theluji nyingi, na barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Uingereza nako hufanya vivyo hivyo. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu ikajificha ndani ya madigadi, chini ya milango, na katika mikunjo ya bati isikofika brashi. Mwenye gari wa kule akiisha kuliendesha miaka yake, huliuza mnadani. Likapakiwa melini mpaka Mombasa, likapakwa rangi mahali fulani njiani, likapita Malaba, Kampala, Karuma na Pakwach, likaingia Arua linang'aa. Sisi tunalipia mng'aro. Kutu tunapewa bure.

Ni kweli kwamba Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na Kenya mpaka wake ni miaka 8. Hatuzipingi sheria hizo. Lakini forodha huhesabu miaka, haihesabu chumvi. Gari la miaka 14 lililoshinda kwenye theluji lapita bila neno. Na yale yaliyoingia kabla ya sheria yangali barabarani, tena ndiyo hasa tuliyo nayo sisi.

Likishafika huku hupokelewa na udongo wetu mwekundu. Lami ya kwenda Koboko na Oraba imetusaidia, lakini ukiiacha tu kuingia vijijini, unarudi kwenye matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi. Matope hugandama ndani ya madigadi na kukaa mabichi siku tatu baada ya mvua kukatika, kama kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye kidonda. Vumbi nalo huziba vile vitundu vidogo vilivyo chini kabisa ya mlango. Tunavitaja kwa makusudi, kwa sababu watu wengi hawajui kazi yake. Maji ya mvua huteremka kwenye kioo yakaingia ndani ya mlango, nayo hutokea kwenye vitundu hivyo. Vikizibwa, mlango unakuwa debe la maji, na chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hakina ujanja. Kutu ikizaliwa hujaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana hubenua rangi na kufanya malengelenge. Mwenye gari akiona lengelenge dogo kama punje ya mtama, ajue kwamba upande wa ndani pameliwa pana kama kiganja. Mwenye kijiti cha kuzibulia vitundu vya milango kila wiki, na ndoo ya maji ya kuosha chini ya gari badala ya kuosha boneti peke yake, ataokoa fedha kuliko fundi yeyote.

Ufundi wa kuziba si wa jana. Wazee walioendesha magari miaka ya 1970 wanakumbuka vizuri. Baada ya Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka ya vipuri yalibaki matupu, na kilichopatikana kilipatikana kwa magendo. Mlango mpya wa gari ulikuwa ndoto. Watu walikata madebe, wakayanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, wakayapiga ribiti, na magari yakaendelea kwenda. Kwa hiyo hatuwezi kumsikiliza mtu anayesema kwamba mfanyakazi hawezi kazi hii, eti aende gereji. Anayesimamia mashine kiwandani wiki nzima, akaijua kwa mlio wake tu, atashindwaje kupiga msasa? Gereji tunaiheshimu, na tutairudia baadaye. Lakini mfanyakazi anayo haki ya kuokoa shilingi yake kwa mikono yake.

Sasa, kazi yenyewe. Kosa kubwa tunaloliona ni haraka. Mtu anasugua rangi kidogo, anaona shimo lenye kingo nyekundu, anachota puti na kulisindilia. Jioni anapaka rangi, majirani wanamsifu. Mvua mbili tatu zikipita, kipande kizima kinabanduka kama ukoko wa ugali na shimo limekuwa kubwa maradufu. Kutu ilikuwa hai chini ya puti, ikaendelea kula gizani. Puti yenyewe hunywa maji. Ukiiacha wazi usiku mmoja wa umande bila praima, umekwisha kuharibu kazi.

Ipasavyo ni hivi. Osha, kausha, kisha kwangua mpaka uone chuma cheupe pande zote za shimo, tena uendelee mbele kidogo kwenye rangi iliyo nzima. Bati lililobaki jembamba kama karatasi likatwe lote, hata kama shimo litakuwa kubwa na kukutia huzuni. Bati la bodi ya gari dogo ni kama milimita 0.7 au 0.8 tu likiwa zima. Likiliwa nusu halishiki kitu. Ukiisha kukwangua, paka dawa ya kutu ile yenye asidi ya fosfori, uiache ifanye kazi yake kama lebo inavyosema. Shimo dogo liwekee kwa nyuma wavu wa alumini au kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi yake. Shimo la ukubwa wa kiganja au zaidi lataka kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi, kikapigwa ribiti au kuchomewa. Hapo tena ndipo puti inapokuja, nayo kazi yake ni kusawazisha, si kubeba. Puti ya kiasi cha yai huchanganywa na hadena kiasi cha punje ya njegere. Wapo wanaozidisha hadena wakidhani itakuwa ngumu zaidi. Inakuwa ya kupasuka. Na jua letu la saa saba lisisahauliwe, maana mchanganyiko utaganda ubaoni kabla hujaupaka. Fanya kazi kivulini, asubuhi. Paka tabaka jembamba, ngoja, sugua, paka tena. Anza na msasa wa 80, malizia na wa 400 kwa maji, kisha kausha kabisa. Praima, rangi, halafu jambo ambalo wengi huliacha kwa sababu halionekani: ingia uvunguni upake nta au dawa ya kuzuia kutu kwa ndani. Kutu ilitoka ndani. Ukiziba nje peke yake umeifungia nyumbani kwake.

Hayo yote ni kwa ngozi ya gari. Hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu hasa.

Gari lina ngozi na lina mifupa. Madigadi, boneti, bati la nje la mlango, ubavu wa pikapu: hiyo ni ngozi. Ikitoboka ni aibu, ni maji, ni kelele, lakini gari halitavunjika. Mifupa ni chesisi, na katika magari madogo mengi yasiyo na chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo mifupa: ule mhimili mrefu ulio chini ya milango, mahali springi na shokamzoba zinapofungwa, mahali mkanda wa kiti ulipokazwa, na sakafu chini ya kiti. Shimo la huko haliruhusiwi puti hata chembe, haliruhusiwi nyuzi za kioo, wala bati la ribiti. Lataka chuma cha unene uleule kilichochomewa na mtu anayejua, akiwa ameondoa chuma kibovu chote. Aliyeziba mhimili kwa puti ameficha mvunjiko, wala hakuutengeneza. Siku gari litakapogongwa ubavuni, au litakapoingia korongo na mzigo, mhimili huo utakunjika kama boksi la karatasi na watu wakiwa ndani.

Na sakafu ina hatari nyingine isiyo na sauti. Ekzosi ikivuja chini ya sakafu yenye matundu, moshi huingia ndani. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Watoto waliolala kiti cha nyuma hudhaniwa wamechoka na safari. Kichwa kinauma, usingizi unazidi, na wengine hawaamki. Zulia juu ya tundu halizuii gesi.

Utajuaje kilichofichwa? Kwa vyombo viwili tu. Cha kwanza ni sumaku, hata ile iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Ifunge kwa kitambaa laini usikwaruze rangi, uipitishe polepole juu ya bati. Ikishika vizuri, kuna chuma. Ikilegea, puti ni nene. Ikianguka, unanunua puti iliyopakwa rangi, isipokuwa kama sehemu hiyo kweli ni ya plastiki au alumini tangu kiwandani. Cha pili ni bisibisi. Ingia uvunguni, usukume ncha yake kwenye mhimili na kwenye chesisi kwa nguvu ya mkono. Chuma kizima kitakataa. Kilichooza kitameza bisibisi. Muuza gari akikukataza kufanya hivyo, amekwisha kukujibu.

Ndugu, tumeeleza haya yote ili tuseme lifuatalo. Mfanyakazi anayeziba gari lake kwa puti anajidanganya mwenyewe, na akielezwa ataacha. Lakini liko gari lingine. Liko lori linalowabeba watu shambani, wamesimama arobaini au hamsini nyuma, wameshikana mabega, na mapanga na majembe yamelala miguuni. Sisi tumepanda magari ya namna hiyo. Katika moja, la mwajiri ambaye hatumtaji, sakafu ilikuwa na tundu la kuonyesha barabara, na juu ya tundu pamewekwa ubao usio na msumari hata mmoja. Ubavuni lori hilo lilikuwa limepakwa rangi mpya, na jina la shamba limeandikwa kwa herufi nzuri. Rangi ilikuwepo. Fedha ya rangi ilipatikana. Fedha ya chuma ndiyo iliyokosekana, kwa sababu rangi huonekana na wageni, na sakafu huonekana na vibarua.

Watu wa West Nile wanayajua malori hayo kwa urithi. Tangu enzi za mkoloni mkoa wetu ulifanywa ghala la vibarua. Babu zetu walichukuliwa kwenda kwenye miwa ya Buganda na Busoga, wakisafirishwa kama mzigo. Mkoloni ameondoka mwaka 1962. Haifai mjukuu wake kibarua asafirishwe vilevile juu ya chuma kilichooza.

Watatuambia kwamba gari si kiwanda, na kwamba sheria ya kazi inaishia langoni. Hatukubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 ya Uganda inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake na awape vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Gari lake, dereva wake, saa aliyoipanga yeye: kazi imeanza pale mguu unapokanyaga bampa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwa sababu za haki, asiadhibiwe. Na mwezi wa Juni 2022 mkutano wa shirika hilo uliuweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi, zinazozihusu nchi zote wanachama. Kwa hiyo mfanyakazi anayekataa kupanda lori lililooza si mkorofi. Lakini akatae peke yake atafukuzwa. Wakatae arobaini, lori litakwenda kwa fundi.

Tuliahidi kuirudia gereji. Wapo wasomaji watakaosema kwamba tukifanya kazi hii nyumbani tunawanyang'anya chakula mafundi bodi wa Arua, ambao nao ni wafanyakazi wenzetu. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu letu ni kwamba kazi ya mifupa ni yao, na ndiyo yenye malipo. Tena tunataka walipwe vizuri zaidi, maana wanaifanya katika hali ya kutisha. Tazameni vijana wanaochomea chuma kwa miwani ya jua. Usiku macho huwasha kama yamejaa mchanga, asubuhi wanarudi kazini. Tazameni wanaochomea vipande vya bati la kuezekea: bati hilo limepakwa zinki, na mafusho ya zinki huleta homa na kutetemeka usiku, ambayo wengi huinywea dawa ya malaria. Wanaopuliza rangi za kuchanganywa na hadena bila barakoa yenye kichujio wanavuta kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huleta pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi kidogo, mvuke haukijui. Na kule nyumbani mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu nyumbani mna watoto wanaozunguka wakitazama.

Basi anayefanya kazi hii uani kwake atoe watoto, avae miwani ya kazi, na asisugue puti kavu bila barakoa. Kabla ya kuchomea chochote atoe waya za betri, atoe viti na zulia, aweke karibu ndoo za mchanga na maji. Tangi la petroli lisiguswe na moto, hata likiwa tupu; likiwa tupu ndiyo hatari zaidi, maana limejaa mvuke.

Vifaa hivyo ni ghali kwa mtu mmoja. Si ghali kwa tawi. Tunapendekeza kila tawi linunue sanduku moja: mkasi wa bati, nyundo mbili, mashine ya ribiti, brashi za waya, miwani miwili, barakoa zenye vichujio na akiba ya vichujio vyenyewe, na jeki yenye stendi zake, maana hakuna anayepaswa kulala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Mwanachama aazime Jumamosi arudishe Jumatatu, jina lake liandikwe daftarini. Ufunguo usikae kwa katibu peke yake, tunawajua makatibu.

Pamoja na sanduku, kila tawi lichague watu wawili wa kukagua gari la kubebea wafanyakazi mwanzoni mwa kila mwezi, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wengi katika kuvuna na kupalilia, na mara nyingi ndio wanaosimamishwa nyuma kabisa. Waingie uvunguni. Waandike walichokiona, nakala moja kwa meneja na nyingine ibaki tawini. Hoja hii iletwe mkutanoni kabla mvua hazijaanza. Bisibisi zimo katika mifuko ya wengi wetu tayari, na kuhusu sumaku, mwenye redio mbovu na aje nayo.